Chakula cha Watoto, Upande wa Kushoto

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, ukungu umefunika malisho yote, nami nina hasira hata maharagwe yameniungulia jikoni.

Kwetu Masisi mama hataji mwili wake ovyo, na mbele ya mkwe wake ndiyo kabisa. Mama yangu ana majina yake. Makalio ni kigoda. Tumbo ni ghala. Mguu, anatuambia, una jicho, una shavu, una tumbo, umekosa mdomo tu wa kulalamika. Na matiti ni chakula cha watoto. Tumekua tukiyacheka maneno hayo, na yeye mwenyewe akicheka kutuzidi.

Jumapili alinishika mkono, akauweka juu ya chakula hicho cha watoto, upande wa kushoto. Kuna uvimbe, mgumu kama punje ya haragwe kavu. Niliogopa sana.

Leo mume wangu alimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nikabaki na mtoto mwenye homa. Kumbe huko wagonjwa wanaulizwa palepale kwenye benchi, wote wakisikia, na mume wangu, aliyenisimulia haya, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, inakuuma wapi?" muuguzi akauliza.

"Ni huku kwa chakula ya batoto."

Muuguzi akaangua kicheko, akageukia wengine: "Muone mama huyu, iko na restora mu kifua!" Benchi zima likacheka, eti mama ana mkahawa kifuani.

Mama akavuta kitenge mpaka shingoni. "Hapana, kichwa njo inaniuma."

Kichwa!

Amerudi na vidonge vya kichwa. Na mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alisikia yote akanyamaza, eti mkwe hawezi kusema. Na huyo muuguzi, alisomea kucheka? Mwanamke anakutolea siri inayomnyima usingizi, wewe unaitangazia benchi! Nimegombana na mume wangu, nimegongagonga masufuria, sijatulia. Heshima gani hii ya kumwacha mtu afe na adabu zake?

Nikamwambia mama kesho tunarudi, mimi na yeye tu. Akakataa. Nikampandishia sauti, jambo nisilolifanya kwa mama. Akasogeza kuni motoni.

"Basi utasema weye," akasema. "Miye nitafunga macho."

Nilikubali upesi, hasira ikiwa bado kichwani. Sasa nimekaa hapa nalijaribu neno lenyewe. Titi. Titi la mama. Kuliandika naliandika, lakini kulisema nashindwa, maana sijawahi kulitamka mbele yake tangu nizaliwe.

Kesho, mbele ya benchi lile, mdomo wangu utanitii?