Sakafu Mpya ya Chumba Chako

Mama,

Nianze na sakafu, maana wewe hukumsalimia mtu kabla ya kutazama viatu vyake.

Ile sima, saruji nyekundu uliyoing'arisha kila Jumamosi imekwisha. Imepasuka toka mlangoni hadi jikoni. Kapita, mbwa wako, amezeeka, mkojo unamtoka akiwa amelala, na sima iliyopasuka inaunywa wote. Namwaga maji ya sabuni, nasugua, harufu inabaki. Paka wako wawili nao wanaishi vilevile ulivyowalea, yaani vibaya. Wamama wa kanisani walinishauri niwatoe wanyama nje. Niliwajibu kwamba mbwa huyu alikaa chini ya kitanda chako ugonjwa wote, na wao sikuwaona. Waliondoka bila kumaliza chai.

Kwa hiyo nikatafuta sakafu. Na nilitaka yenye sura ya mbao, Mama, kwa sababu yako. Ulifua nguo katika nyumba za wakubwa wa mgodi, ukapita juu ya mbao zao bila viatu, ukarudi Kasulo ukisema: "Siku moja, mi pia nitakanyaga mbao." Hukuzikanyaga. Hilo linanikera kuliko mambo mengi ninayoyapigia kelele redioni.

Mbao zenyewe siziwezi kwa mshahara wa mwalimu, na hata ningeziweza, mchwa na Kapita wangezigawana. Nikazunguka maduka ya Manika kwa pikipiki ya taxi-moto, kila duka nikaomba kipande cha kujaribu. Muuzaji wa kwanza aliniambia, "Mama, hii ni mbao ya Ulaya." Nikaigeuza. Karatasi yenye picha ya mbao, imebandikwa juu ya unga wa mbao! Niliiloweka ndani ya beseni, ikavimba kama mkate. Lino, lile zulia la plastiki la kukunjua, paka waliichana mchana mmoja. Mbao za plastiki zinazoshikana zenyewe zilinivutia: kucha hazikuacha alama, na ni laini kwa miguu ya mbwa mzee. Lakini nilimwaga maji juu yake, yakapenya kwenye viungo, yakajificha chini. Nikasema hapana, mikojo iliyofichwa tunayo ya kutosha katika nchi hii.

Zikabaki karo, yaani vigae, zilizochorwa mishipa ya mbao. Kucha haziziwezi, mkojo unapanguswa. Nilichagua zenye uso wa kukwaruza kidogo, Kapita asiteleze, na za daraja la pili, ambazo rangi zake hazilingani sana. Mbao za kweli nazo hazilingani.

Mdogo wangu Mwepu, ambaye bado ananiita Yaya, dada mkubwa, alikubali upesi mno. "Karo, Yaya, ni vizuri kabisa. Lakini lazima tuvunje sima." Unajua maana ya kuvunja sima hapa Kasulo. Nyundo ikilia, majirani wanajaa mlangoni kuangalia kama udongo una rangi ya madini. Na Mwepu hakuchelewa: "Tukisha kuvunja, tushuke kidogo tu, tuone." Nilimrudishia maneno yako, yale uliyowaambia wote waliokuja na mikoba ya pesa kukushawishi uchimbe pale unapolala: "Mi hapana kuchimba fasi nalala." Akasema wewe ulikuwa wa zamani. Tuligombana hadi paka wakatoka nje.

Sasa, nilikuwa nimesoma kwamba karo zaweza kubandikwa juu ya sima ya zamani ikiwa imara. Unagonga na kusikiliza. Panapolia utupu, karo itapasuka. Nikachukua mchi, nikagonga chumba kwa chumba, Mwepu akinicheka nyuma. Sebuleni, sawa. Jikoni, sawa. Chumbani mwako, pembeni pale anapokwaruza Kapita tangu tulipokuzika, sima ililia kama ngoma.

Mama, nilidhani anakutafuta. Kumbe alikuwa akiwasikia watu chini ya ardhi.

Mwepu alipanua ufa kwa chuma, akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Hakugusa chini. Alipoinuka alitazama miguu ya kitanda chako, kisha akanitazama mimi.

Nilikwenda kwa jirani yetu, Tata Ngoie. Chini ya turubai lake la plastiki la rangi ya chungwa vijana wanashuka shimoni na kupanda tangu asubuhi. Hakukana kwamba handaki lao limefika chini yetu. Alicheka. "Mama, lupango na mipaka yake iko huku juu. Chini hakuna lupango."

Nikamwambia, "Basi nyumba yangu ikianguka, usilie. Itakuwa imekuja kukutembelea huko kusiko na lupango."

Aliacha kucheka. Aliapa watageukia upande mwingine. Simwamini.

Nikarudi, nikamkuta Mwepu amekaa kando ya ule ufa. "Yaya, shimo tayari liko. Si sisi tulilianza." Hoja yake ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitesa. Nilizunguka nyumba mchana kutwa. Wewe ulikataa ukiwa na sakafu nzima chini yako. Mimi nilipaswa kukataa juu ya shimo, na hasira yangu inajaza redio, haijazi shimo.

Basi tukavunja, Mama. Nyundo ikalia, na watu wakaja kama kawaida, shingo ndefu. Wakaona mifuko inaingia imejaa mawe na kutoka mitupu. Kicheko kikaanza. "Bengine banatoa, weye unarudisha? Ulisikia wapi?" Mmoja akapaza sauti, "Mama mwalimu alisoma sana, bichwa bikaharibika!" Nikafungua kinywa kuwapa hotuba. Mwepu akanitangulia, mfuko begani, jasho machoni: "Tunapanda mawe. Mwaka kesho mukuje kuvuna!"

Hapo nilijua ameamua.

Tulijaza mawe, tukamwaga zege, tukangoja ikauke, fundi akabandika karo. Ni nzuri. Kapita alizinusa zote, akakojoa katikati ya chumba chako, nikapangusa kwa kitambaa kimoja. Harufu hakuna. Hakwaruzi tena pembeni. Lakini jana aliinua masikio ghafla, nami nikasimama na sahani mkononi hadi alipoyalaza.

Sina amani, sitakudanganya. Karo ni ngumu, ila ardhi ya Kasulo haijamwapia mtu. Shauri la Ngoie nimelipeleka ofisi ya komini, na nitarudi huko mpaka wanichoke. Wakinichoka, nitaendelea kwenda.

Nakuahidi hili: hatutauza, hatutashuka. Pakitoboka tena tutajaza tena, mimi na Mwepu, hata mtaa wote ukicheka. Na watakaoingia chumbani mwako watavua viatu.

Lala, Mama. Mimi bado nasikiliza.

Binti yako