Mumeo Hakulewa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu mlipobadilisha dawa. Mimi mwili uko salama. Mikono ina malengelenge yake ya kila siku, mgongo unalalamika asubuhi, lakini nakula na ninalala. Ungeniuliza habari za moyo ningekujibu vingine, ila kwanza tumalize salamu kama tulivyolelewa. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na hata yule asiyeniulizia, maana najua anaogopa nitamkumbusha ngazi yangu aliyoazima.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira na wewe, dada, na nitazisema zote, kwa sababu umekata simu zangu mara nne na barua huwezi kuikata katikati. Hata ukiichana, utaokota vipande uvisome. Nakujua.

Mama ameniambia kila kitu. Ameniambia umepata karatasi kutoka yadini kwetu, ina mhuri, inasema mumeo amefukuzwa kazi kwa sababu alifunga trela akiwa amelewa na mtu akaumia. Ameniambia umezitia nguo zake kwenye magunia mawili ukayaweka nje, umebadilisha kitasa cha mlango, na umeapa mbele ya watoto kwamba akikanyaga hapo utampigia kelele za mwizi. Miaka miwili mtu hajagusa tone, na karatasi moja ya mtu usiyemjua inakutosha? Mimi ninayelala naye chumba kimoja hukuniuliza hata neno. Bosi wetu, ambaye hajui hata una watoto wangapi, ndiye amekuwa shahidi wako.

Labda sijawahi kukueleza vizuri kazi yetu, maana kila nikianza unaniambia niache porojo. Yadi yetu inakodisha matrela ya kupigia kambi. Ni vijumba vya magurudumu mawili. Ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo ambacho mtu mnene lazima aingie kinyumenyume. Watu wenye nyumba nzuri, zenye maji ya moto, wanalivuta trela nyuma ya gari hadi msituni au kando ya ziwa, wanakaa wiki nzima wakiwasha moto na kuumwa na mbu, kisha wanarudi wamefurahi. Siku za kwanza nilidhani wananitania.

Kulifunga trela kwenye gari si mchezo. Nyuma ya gari kuna gololi ya chuma, kubwa kama ngumi yangu. Mbele ya trela kuna kitu tunakiita kofia, kinashuka na kuifunika gololi hiyo, kisha unabana loki. Shida ni kwamba loki inaweza kubana huku kofia imekalia gololi juu juu tu, na kwa macho usijue. Ndiyo maana shemeji alinifundisha jaribio la jeki. Ukishabana loki, unaizungusha jeki ya trela kana kwamba unataka kulinyanyua tena. Kofia ikiwa imeshika, nyuma ya gari inanyanyuka pamoja nayo. Ikiwa haijashika, kofia inapanda peke yake na gari linabaki chini, na hapo unaanza upya. Shemeji hajawahi kuliacha jaribio hilo. Mvua inyeshe, mteja apige honi, bosi atukane, jeki itazungushwa. Wenzetu wanamtania kwamba hata akifunga kamba za viatu lazima azipige jeki kwanza. Sisi wawili wanatuita Shemeji Mkubwa na Shemeji Mdogo, hadi wateja wengine wanadhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi.

Mtu wa namna hiyo ndiye unayeamini alifunga trela akiwa amelewa.

Kuna jambo tulikuficha, si kwa ubaya. Ulikuwa ukiuliza chumba chetu kikoje, nasi tukakujibu kwamba ni kidogo lakini kina dirisha kila upande. Hatukudanganya. Kilikuwa trela namba tisa, mwisho wa yadi, nyuma ya matairi mabovu. Paa lake lilivuja, halikufaa kukodishwa, kwa hiyo bosi akatuambia tulale humo, tuwe walinzi bila kuitwa walinzi. Tuliziba paa kwa lami na vipande vya mpira. Tukapaka rangi. Shemeji akatengeneza rafu ya vikombe, na juu ya kitanda akabandika picha ya wanao, ile ambayo mdogo amefumba macho.

Tulilitengeneza mno. Likizo ilipofika matrela yote yakaisha, na asubuhi moja bosi akaja na mteja na mkewe, akafungua mlango wetu bila kubisha. Akawaonyesha kitanda chetu, akasifu rafu, akasifu rangi. Kisha akatugeukia akasema tuna nusu saa ya kutoa takataka zetu. Shemeji alipouliza tutalala wapi, bosi akajibu kwamba wateja wanalipia kulala chini ya nyota, sisi anatupa nyota bure. Yule bwana akacheka hadi akashika tumbo.

Tukatoa vitu vyetu kwenye magunia. Yule mke alisimama mlangoni ameziba pua kwa kitambaa, akamwuliza bosi kama waliokuwa wakilala humo ni watu au mbuzi, akataka dawa ipulizwe. Mimi ndiye niliyepewa pampu. Nilipuliza kitanda changu mwenyewe, dada. Nikiwa napuliza, yule bwana akaibandua picha ya wanao kwa ukucha, akaikunja, akaitupa kwenye ndoo ya maji ya deki. Hakuwa hata amekasirika. Angekuwa amekasirika ningemwelewa. Shemeji hakuona, alikuwa chini ya trela anakagua breki, nami sikumwambia.

Wakati wa kufunga ulipofika, shemeji alimwelekeza mteja kurudisha gari nyuma, akaishusha kofia, akabana loki, akafunga mnyororo, akachomeka waya wa taa. Hapo hapo bosi akaja na ile kadi ya kuruhusu trela litoke, akamtaka aisaini upesi na kukimbilia mteja mwingine aliyekuwa analalamika getini. Shemeji akakataa kwanza, akasema jeki bado. Bosi akamwambia jeki hata mjinga anaweza kuizungusha, akanionyesha mimi kwa kidole. Shemeji akasaini, akaniambia nimalizie. Nikamalizia. Mteja akaondoka.

Baada ya kituo cha mafuta kuna mteremko. Hapo trela liliruka kutoka kwenye gololi. Mnyororo ulilishika kidogo, ukakatika. Likashuka peke yake, likapanda ukingo wa barabara, likaingia kwenye meza ya mama mmoja anayeuza nyanya. Mguu wake umevunjika mahali pawili. Ni wa umri wako. Yule bwana na mkewe hawakupata hata mkwaruzo.

Bosi aliuliza swali moja tu, nani alisaini kadi. Kisha akaingia ofisini akaandika ile karatasi. Shemeji siku anaajiriwa alimwambia kwa uaminifu kwamba zamani alikuwa mlevi na ameacha, na ukweli huo ndio bosi alioutoa kabatini akamchapa nao. Hakumpima wala hakumnusa. Nakueleza kwa nini: mfanyakazi mlevi hubeba kosa peke yake, lakini ikisemwa alikuwa mzima, watu watauliza nani alimharakisha. Karatasi hiyo ndiyo uliyoiweka juu ya meza ukaisoma kama neno la Mungu.

Nilitegemea shemeji apige kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya tairi akawa anarudia kwamba loki aliibana, aliibana. Kesho yake akaanza kusema labda hakuibana. Sasa anakwenda hospitali kila asubuhi kumwona yule mama, anamchotea maji, anamwomba msamaha kwa kosa asilokumbuka kulifanya. Yule mama mwenyewe amemwambia apumzike, anamchosha kwa kuomba radhi. Juzi aliniuliza, taratibu kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, eti inawezekana mtu akalewa bila kunywa? Karatasi ya bosi imeshamwingia kichwani, na wewe unamwandalia magunia.

Sasa nisikilize, na sehemu hii usimsomee mama kwanza.

Niliizungusha jeki. Kofia ikapanda peke yake. Gari likabaki chini. Niliona mwanga kati ya kofia na gololi, upana wa vidole viwili, wazi kabisa, na jua lilikuwa linawaka. Yule bwana alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Akatoa kichwa dirishani akanihimiza, akasema nisije nikaligusa gari lake kwa mikono ile. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kumwita shemeji, alikuwa hatua ishirini tu. Badala yake nikaishusha kofia ikalalia gololi, nikaikunja jeki, nikapiga ubavu wa trela kwa kiganja mara mbili, ambayo ni ishara yetu ya kwamba safari iwe njema.

Nilitaka yule bwana aaibike. Nilifikiri litachomoka pale pale getini, mbele ya mkewe, liparuze gari lake, na zamu ya kucheka iwe yangu. Lilipovuka geti salama bado nilikuwa na nafasi ya kukimbia na kupiga kelele, nikasimama na kitambaa cha kufutia grisi mkononi nikilitazama. Mtu mwingine yeyote barabarani sikumfikiria.

Nimenyamaza siku kumi na moja. Katika siku hizo nimemtukana bosi kwa sauti kubwa kuliko wote yadini, na watu wananisifu kwamba nampigania shemeji yangu. Na bado namchukia, dada. Namchukia bosi, namchukia yule bwana na kucha zake, sitajifanya nimepoa. Ila jeki ilikuwa mkononi mwangu mimi. Kwako nilianza kwa ukali, nikakulaumu kwa kuamini uongo, huku ukweli nimeukalia mwenyewe. Lawama hiyo nairudisha kwangu nusu. Nusu nyingine bakia nayo, maana ungeweza kuuliza.

Nakuandikia wewe kabla ya kumwambia mtu yeyote kwa sababu nikianza na shemeji ataniambia nifunge mdomo, angalau mmoja wetu abaki kazini, na ninaogopa nitakubali. Dereva wa lori anayepita huko kwenu anaondoka saa nne na atakuletea barua hii mkononi. Akishawasha gari, sina tena njia ya kugeuza maneno. Nitatoka hapo nikamkute shemeji hospitalini, nimwambie yeye na yule mama kwa pamoja. Kisha nitaingia ofisini kwa bosi, na polisi wakinitaka watanikuta.

Mumeo anasafiri Jumamosi, atafika Jumapili mchana. Hatakupigia simu. Atasimama nje na hatabisha, kwa kuwa hajui tena kama ana haki ya kubisha, na hata nikimwambia ukweli leo, hilo halitamtoka kwa siku mbili tatu. Ingiza yale magunia ndani kabla hajayaona. Mpe ufunguo wa kitasa kipya mkononi. Watoto waambie wewe mwenyewe, kwa mdomo ule ule ulioapa, kwamba baba yao hakulewa. Wakiuliza nani alifanya, wataje mjomba wao, usinifiche.

Mama mpe salamu zangu na umwambie nitampigia mwenyewe nikishatoka huko niendako. Watoto wakumbatie kwa niaba yangu, kama baada ya haya bado utapenda. Na zile hasira ulizomwandalia mumeo usizimwage, nitunzie. Ni zangu, na nitakuja kuzichukua.

Ni mimi,
mdogo wako uliyenilea