Kulabu Kumi na Mbili

Tarehe 3 Machi
Miaka sita na miezi miwili tangu nitoke nyumbani

Mwanangu,

Marahaba. Nakusalimu sana, wewe na shangazi yako. Mimi mzima, ila magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mgongo wa shangazi unaendeleaje? Mwambie aache kubeba ndoo mbili mbili, hashindani na mtu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa kwenye foleni ya bafu, yule jirani yangu wa chumbani, Mrefu, akanisukuma: "Mzee, oga au soma, chagua moja." Nilikuwa nacheka peke yangu. Binti yangu fundi cherehani, wiki nzima ameinamia vitambaa, Jumamosi anapanda miamba ya machimbo ya zamani! Na mwalimu wenu amesema sasa unaanza kupanda wa kwanza, wewe ndiye unayeipeleka kamba juu, kwa hiyo uwe na kulabu zako, uache kuazima. Kasema kweli.

Umeniuliza uchague zipi, kwa kuwa baba yako anashinda ananing'inia kwenye kamba akisafisha kuta za maghorofa. Haya, sikiliza.

Hizo mnazoziita kulabu pacha ni kulabu mbili na mkanda mfupi katikati. Moja inaingia kwenye pete iliyopigwa mwambani, nyingine inapokea kamba yako. Usizibadilishe nafasi kamwe. Ile ya mwambani huchubuliwa na pete ikaota makali, ukiipitishia kamba itaila. Ya kamba ndiyo ambayo mlango wake, ule ulimi unaofunguka, umepinda, na ndiyo inayobanwa na raba isizunguke. Ya juu iache icheze.

Pua ya kulabu iwe laini, isiwe na jino, isije ikakwama unapoitoa mikono imekwisha nguvu. Mlango wa waya ni mwepesi. Mlango wa chuma kizima ni mzito, ila kwa anayeanza unashikika vizuri. Usibabaishwe na wepesi, huendi kupaa. Mkanda chukua mpana, maana utaukamata kwa woga siku nyingi kabla hujaacha, na hakuna aibu. Kumi na mbili zinatosha, chache ziwe na mkanda mrefu kwa pale njia inapokwenda upande. Za mtumba usiguse. Hujui zimepitia nini.

Lakini usinunue chochote. Nitanunua mimi. Mrefu anakuja likizo mwezi huu, atakupa mkononi.

Nami nitarudi mwisho wa mwaka.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujambo huko? Magoti je? Sisi wazima. Shangazi anasema ndoo mbili ndiyo mizani, akibeba moja atapinda.

Mrefu alikuja Jumapili, akainama mlangoni mpaka shangazi akadhani ameangusha kitu. Baba, sijui nikushukuruje. Nimezipanga kitandani zote kumi na mbili, nikalala sakafuni. Mikanda ya bluu, mipana kama ulivyosema, pua laini. Mishono naijua, na hii haina hata uzi mmoja uliochomoza. Moja ina chembe ya rangi nyekundu kwenye bawaba. Nikasema labda muuzaji alikuwa amepaka kucha.

Mwalimu alizishika, akauliza, "Mpya?" Nikamjibu, "Kanunua baba yangu, na baba yangu kazi yake ni kamba." Hakuuliza tena.

Jumamosi ya tarehe 20 nitapanda wa kwanza ukuta mrefu. Atakayenishikia kamba chini ni rafiki yangu muuguzi. Anasema ana wivu, yeye baba yake huwa anamletea ushauri tu.

Binti yako


Tarehe 28 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Shangazi hajambo. Mimi sijui nisemeje.

Uliponipigia ile Ijumaa nilishtuka. Simu yako siku zote ni "haya, haya, salimia wote," unakata, ndiyo maana tukazoea barua. Ukasema umeota ndoto mbaya, kesho nisipande. Nikauliza, "Ndoto gani, baba?" Ukasema, "Ndoto tu, mama. Nisikilize."

Nikakusikiliza. Sikupanda. Muuguzi hakuwa na wa kumwotea. Akasema, "Wewe kaa na ndoto zako, niazime hizo za bluu," nikamwazima, kamba nikashika mimi.

Alipita kulabu ya tano, akateleza. Kuanguka kwa kawaida tu, kama tunavyoanguka kila wiki. Mkanda wa tano ukakatika. Wa nne ukakatika. Wa tatu ukashika, lakini chini ilikuwa imeshafika. Kisigino kimevunjika na kifundo kimepasuka. Miezi mitatu asisimame, na kazi yake yeye ni ya kusimama. Alipokuwa amelala pale chini aliniuliza, "Nilifunga vibaya?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena.

Mikanda ile miwili niliileta kwenye taa ya cherehani. Mishono mizima. Kilichokatika ni nailoni yenyewe. Nimeikunja kwa vidole ikavunjika kama karatasi iliyokaa juani.

Mwalimu anataka jina la duka, aende akawaonye wengine. Nimemwambia nitakuuliza.

Baba, ile ilikuwa ndoto kweli?

Binti yako


Tarehe 30 Mei

Baba, shikamoo.

Mrefu ameniandikia kwamba anakuona kila siku na unakula, kwa hiyo afya sikuulizi.

Muuguzi anatembelea magongo. Kila nikienda ananiuliza kama jina la duka limekuja. Nimechoka kumwambia posta inachelewa.

Zile kumi zilizobaki mwalimu alitaka kuzitupa, nikakataa. Nimezitundika msumarini juu ya cherehani. Nikiinua macho naziona.

Binti yako


Tarehe 8 Juni
Miaka sita na miezi mitano tangu nitoke nyumbani

Mwanangu,

Marahaba. Msalimie shangazi. Afya yangu acha.

Posta haichelewi. Barua zako zote mbili ninazo chini ya mto. Duka halipo. Na ndoto sikuota, maana wiki ile sikulala.

Kwenye kamba sikai tena. Ni mwaka wa pili sasa, magoti yamenishusha. Niko chini, nachanganya asidi ya kutolea madoa ya saruji ukutani, nawavutia walio juu ndoo zao. Sikukuambia kwa sababu nilipenda ulivyokuwa unaandika "baba yangu wa kamba."

Asidi ikirukia mkanda, mkanda unakufa na hauonyeshi. Rangi ni ile ile, mshono ni ule ule. Kwa hiyo kifaa chochote kilichorukiwa, kulabu pacha zikiwemo, hupigwa rangi nyekundu kwenye chuma na kutupwa kwenye pipa. Mpiga rangi ni mimi. Rangi niliyoifuta kwa petroli, nikabakiza chembe kwenye bawaba, niliipaka kwa mkono wangu.

Nilikuandikia kila ninachokijua kuhusu kulabu, isipokuwa hicho kimoja.

Dukani nilikwenda, usidhani sikwenda. Nilikuwa na uwezo wa sita. Sita zako na za kuazima kwa mwalimu zingetosha kabisa. Lakini nilitaka kuwa baba wa kumi na mbili. Nikarudi kwenye pipa, nikachagua zile za bluu iliyokoza, nikajiambia labda hizi zilirukiwa kidogo. Hakuna kidogo. Hilo huwa nawafundisha wageni siku yao ya kwanza kazini.

Barua yako ilipofika, nikasoma mwalimu kauliza "Mpya?" na wewe ukamjibu kwa jina langu, nikaacha sahani mezani. Nikapiga simu. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nikakusikia unasema shikamoo, nikashindwa, nikatoa ndoto. Ulipokubali nikashusha pumzi, nikasema yamekwisha. Mtoto wa mwenzangu hakunijia akilini hata kidogo. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifumba macho.

Chukua mkasi wako, zikate zote kumi, mkanda mmoja mmoja. Usimwachie mtu hata moja, hata ya kufungia mbuzi. Barua hii mpe muuguzi aisome mwenyewe, kisha mwalimu. Usinisitiri. Mwambie muuguzi alifunga vizuri.

Miaka yote nimekuandikia kwamba nitarudi mwisho wa mwaka. Sasa nimeaga kazini, nina tiketi. Sitakuletea kitu. Ukikubali kutembea na mimi, tutakwenda dukani uchague zako, mimi nishike mfuko. Ukikataa nitaelewa.

Nafika Jumanne tarehe 25, asubuhi. Usije kunipokea. Nitaanzia nyumbani kwa muuguzi, ndipo nije kwako.

Baba yako