Kilele Kwenye Ubongo

Jumatatu, 4 Machi

Kimetokea. Nilizamisha elektrodi — uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele — kwenye kipande cha ubongo wa panya, nikapandisha umeme kidogo kidogo, na mstari kwenye skrini ukainuka palepale unapoinuka nikipima tumbo. Kilele cha homoni ya njaa. Tumboni ipo, kila mtu anajua, tumbo ndilo linaloitoa. Lakini ubongo kuitoa wenyewe? Watu wanabishana miaka nenda rudi. Bosi — msimamizi wa utafiti wangu, maabara nzima tunamwita hivyo, hata mbele yake — aliinama, akavua miwani, akatazama tena. Akasema, "Mwanangu, umemaliza shule."

Jumanne, 5 Machi

Bosi keshatangaza. Ijumaa wanakuja wageni wa vyuo vingine, atawaonyesha kilele changu. Nirudie kipimo Alhamisi, anataka picha nzuri zaidi. Fundi wa maabara kasema sasa nitaanza kuringa. Nikamwambia nilianza jana.

Siwezi kukaa. Nimefua nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Dada analalamika: nashinda napima njaa ya panya, mwenyewe narudi sijatia kitu mdomoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimekata tikiti maji. Dada kaonja, kalitema. Linanuka kitunguu. Akauliza nimetumia kisu gani. Kilekile nilichokatia kitunguu, lakini nilikifuta.

"Ulikifuta," akasema. "Si ungekiosha?"

Nikaweka kisu chini. Elektrodi ya Jumatatu. Nilianza nayo tumboni! Kuzitengeneza ni kazi ya kuumiza macho, uzi unaingizwa kwenye kijimrija cha kioo chini ya hadubini, nusu zinavunjika. Nikaona uvivu kuchukua nyingine. Nikaisuuza tu, nikaingia nayo ubongoni. Na homoni hizi zinanata kwenye kaboni. Najua. Ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha wanafunzi wapya.

Labda si hivyo. Labda ubongo kweli unayo. Dada kauliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Akacheka, akadhani ni utani wa kazini.

Alhamisi, 7 Machi

Elektrodi mpya, haijawahi kugusa tumbo. Ubongo. Mstari umelala.

Nikabadilisha kipande. Umelala. Nikadondosha homoni yenyewe kutoka kwenye chupa — ukainuka, kwa hiyo elektrodi ni nzima. Nilikuwa naomba iwe mbovu. Kisha nikachukua ile ya Jumatatu, nikaizamisha kwenye maji ya chumvi matupu, hakuna ubongo, hakuna tumbo. Kilele. Kidogo, lakini kipo. Maji ya chumvi yanasikia njaa!

Nina hasira na nafsi yangu mpaka meno yanauma. Mama kapiga simu mchana, anauliza joho la mahafali ni rangi gani, anataka kushona kitambaa cha kufanana nalo. Nikamwambia nitaulizia. Ningemwambia nini?

Bosi kaingia mstari ukiwa bado kwenye skrini. Nimemweleza yote, uvivu na kusuuza kwangu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akaenda kufunga mlango, akauliza nani mwingine ameuona mstari huu.

Nikasema, "Mimi."

Akasema hilo analijua, anauliza mwingine.

"Mimi, Bosi."

Kavuta kiti, kakaa nyuma yangu. Nimefungua ukurasa huu ili mikono ipate kazi, anadhani naandika vipimo. Kasema wageni wameshafika hotelini, kesho wanataka kuona kilele. Kasema hata yeye alipokuwa kijana — halafu hakumalizia.

Sasa ananiuliza, taratibu kabisa, ile elektrodi ya Jumatatu nimeiweka wapi. Imo kwenye kiboksi chake, hapa, chini ya mkono wangu wa kushoto. Nimekifunika kwa kiganja. Ameuliza tena