Seli za Mama Zimeamka

Jumatatu, 3 Machi

Zimechoka. Hadubini haidanganyi. Seli za Mama zimetanuka, zimelegea kama shuka lililoanikwa vibaya, na hazigawanyiki tena. Zimebaki sahani mbili tu. Akiba yote iliyogandishwa iliharibika mwaka jana tangi la baridi lilipokauka — hata leo nikilipita lile tangi nalikata jicho.

Mama alitoa kipande cha ngozi ya mkono kwa sababu nilimwomba mimi. Maabara yetu inatafuta kwa nini vidonda vya wazee havifungi, na yeye alikuwa na kimoja mguuni. Alimwambia aliyemkata achukue tu, asione haya, makunyanzi bado anayo mengi. Kidonda hakikufunga. Alizikwa nacho.

Kesho Daktari, bosi wetu, anaanza kuzipa dawa yake. Ndani ya kila seli kuna breki. Seli ikizeeka, breki inakaza, isije ikagawanyika ovyo ikawa saratani. Sawa kabisa! Lakini breki hiyohiyo ndiyo inayozuia kidonda cha mzee kufunga. Dawa inailegeza kwa siku chache, halafu tunaiondoa. Ikilegea mno — basi, tunajua inakoishia.

Jioni Baba ameuliza, kama kila jioni: "Mama yako anaendeleaje?" Nimesema amechoka kidogo. Akasema nimwambie apumzike. Huwa sijui kama anatania.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya hovyo. Umeme umekatika tangu asubuhi, friji inavuja, kila kitu kinatoka jasho. Mimi na Glavu tumehamisha chupa zote mbiombio kwenye friji ya jengo la pili. (Glavu ni jirani yangu wa meza. Anavaa glavu hata akipokea simu.)

Chupa ni za sharubati — ndivyo tunavyokiita chakula cha seli, kwa ile rangi yake ya waridi. Kila aina ya seli ina chupa yake na utepe wake. Mama kijani. Watundu nyekundu. Watundu ni seli za saratani anazozifanyia kazi Glavu, hazichoki, hazishibi, ukizigeuzia mgongo zimejaa. Ndiyo maana sheria yetu ni moja tu: mtu na chupa yake. Tone moja la chupa yao, likiwa na seli hata moja, likiingia kwa wengine, wenye nyumba hawana chao.

Tepe zimelowa, zikabanduka. Tumezibandika upya. Nimelisha, nimefunga, nimeondoka. Kwenye sahani hakuna jipya. Nimechoka mimi kuliko seli.

Jumapili, 9 Machi

Zimeamka!

Nilikwenda kuzilisha tu, kwa mazoea. Nikainama kwenye hadubini — sahani imejaa! Ndogondogo, zimenenepa, zimebanana, nyingine ziko katikati ya kugawanyika. Nimepiga kelele peke yangu, mlinzi akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Nikarudi nyumbani kumchukua Baba. Akasema nimsubiri. Kumbe anatafuta koti lake la sherehe. Kwa mke wangu siendi hivihivi, alisema. Pale maabara nikamvika koti letu jeupe juu ya lile lake, akawa hawezi kukunja mikono. Kwanza alifumba jicho silo. Kisha akaona. Akakaa pale muda mrefu, na mimi nikamwacha.

"Wengi hivi," alisema. "Hakuwahi kupenda kukaa bure."

Njia nzima anaongea. Baba, ambaye tangu msiba, ukimpata kwa sentensi mbili umshukuru Mungu! Amenisimulia jinsi Mama alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya viatu. Karibu na nyumbani akauliza: dawa hii ingekuwepo wakati ule, kidonda cha mguu kingefunga? Nikasema huenda.

Ndala za Mama bado ziko mlangoni. Hakuna anayethubutu kuzisogeza. Nimefurahi leo, jamani, nimefurahi sana, lakini usiku huu mimi sitaki seli. Namtaka Mama. Nataka aniite kutoka bafuni kwamba amesahau sabuni, nami nimjibu kwa hasira kwamba kila siku anasahau.

Jumatano, 12 Machi

Daktari alikuwa anatabasamu tangu asubuhi. Kisha Glavu akaomba naye aone. Akaangalia. Akabadilisha lenzi, akaangalia tena. Halafu akavua glavu.

Nikajua.

Aliniuliza kwa sauti ya chini, maskini, hakutaka Daktari asikie: siku ile ya umeme, tepe zilipobanduka, nilijuaje chupa ya kijani ni ipi? Nikamwambia yangu ilikuwa nusu.

"Na yangu ilikuwa nusu," akasema.

Tumekwenda wenyewe kwa Daktari. Hakugomba, afadhali angegomba. Amezitenga sahani kwenye kabati la joto la peke yake. Akasema inaweza kuwa moja kati ya haya: dawa imefanya kazi, au breki imelegea mno na seli za Mama zimegeuka saratani, au si Mama tena, Watundu wamemmaliza. Kama ni Watundu, zinauawa zote kwa jiki, siku hiyohiyo. Macho peke yake hayawezi kuamua. Lazima zipimwe asili.

Tatizo, hatuna kitu kingine cha Mama cha kulinganisha. Kuna mimi, na kuna Baba. Ukitoa ndani yangu kile kilichotoka kwa Baba, kinachobaki ni cha Mama. Pamba ya kufutia ndani ya shavu, basi. Yangu nimeshatoa.

Nimekaa chooni nikalia. Na nimejikuta naomba iwe saratani. Ndiyo. Iwe saratani, mradi iwe yake! Mtu mzima, nimefanya kazi hii miaka yote hii, naomba ugonjwa. Nimejionea aibu.

Baba ameuliza anaendeleaje. Nimesema hajambo.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilibidi nimwombe Baba pamba. Nilitaka kumzunguka, nimwambie ni uchunguzi wa kawaida wa meno. Akaniangalia tu. Nikamweleza yote, umeme, tepe, chupa, mpaka jiki.

Alisogeza kikombe chake cha chai, akapangusa meza pasipo na uchafu.

"Ukikuta si yeye," alisema, "nifiche jibu."

"Baba, siwezi kukuficha."

"Utaweza. Ulisema hajambo juzi, nami nikakubali."

Kisha akafungua mdomo, kama mtoto kwa daktari. Nikapitisha pamba shavuni. Akanishika kiwiko mpaka nilipomaliza.

Jioni hakuuliza. Ni mara ya kwanza. Nilikaa mezani nikimsubiri aulize, nikasubiri mpaka akaaga akaenda kulala. Sikujua kama swali lile nami nalihitaji hivi.

Jumapili, 16 Machi

Majibu ni kesho. Daktari ameruhusu niendelee kuzilisha mpaka hapo. Jana nilitengeneza chupa mpya, na utepe nikaufunga kwa uzi juu. Glavu akaukagua fundo kwa fundo, hakutania hata kidogo.

Leo nilikuwa nataka kutoka kimyakimya. Nimefika sebuleni, Baba huyu hapa, ameshavaa koti la sherehe. Viatu ameving'arisha. Nikamwambia Baba, usije, tafadhali, kesho inaweza kuwa —

Akanikatiza. Akasema kesho ni ya kesho.

"Leo bado ni yeye," alisema. "Twende."

Nimemwambia nimesahau ufunguo, nikarudi chumbani. Ufunguo ninao mkononi. Nimekaa kitandani naandika haya kwa sababu sijui nimwambie nini pale atakapoinama kwenye ile hadubini na kuanza kumsalimia.

Anaita kutoka mlangoni. Anasema niharakishe: "Mama yako atakuwa na njaa."