Je, Nimeachwa kwa Pombe Isiyolevya?

Mpendwa Bi Aziza wa gazetini, naomba msaada wako kabla mama yangu hajanisaidia yeye, maana msaada wake naujua, na mwandiko huu usiucheke, marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Ujiji akanifundisha kuandika kwa kijiti mchangani, kalamu hii nimeiazima.

Mimi ni Sikuzani binti Amisi wa hapa Rumonge, mke wa Swedi fundi cherehani, mwaka wa tisa huu, na sijui kama bado ni mkewe, ndiyo sababu nakuandikia. Swedi ni mtu mwema ila alikuwa mlevi, na sifichi kitu, pombe yenyewe alikuwa akiinywa kwangu, kwa kuwa napika pombe ya mtama kama alivyonifunza mama, ambaye ni Mrundi wa milimani Kizuka, na wapagazi na wavuvi wote wanaijua nyumba yangu. Dini inasemaje najua, Mwalimu Asmani hunikumbusha kila Ijumaa.

Basi mwaka jana Swedi alilewa huku akishona suruali ya askari mmoja mpita njia, akauziba mguu mmoja kwa chini kama mfuko wa chumvi, askari akaamka alfajiri kuivaa na msafara uko tayari, akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya bwana wake Mdachi, na Swedi akala viboko kumi na vitano. Siku ile ile, hata kukaa hawezi, akaapa mbele ya Mwalimu Asmani na majirani kwamba akilewa tena, mimi Sikuzani nimeachika. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumkanda, hakuna aliyeniuliza.

Bi Aziza, kiapo ni cha siku moja na kiu ni ya kila siku. Mwezi haukuisha akaanza kuzungukazunguka mitungi yangu, nami nikaogopa kwamba nikimnyima ataenda kulewa kwa watu na mimi nitaachika nikiwa nyumbani kwangu nimetulia. Mungu akanifungulia mlango kwa uzembe wangu mwenyewe, nilisahau mtungi juu ya makaa, pombe iliyokwisha kuiva ikachemka upya, nikaogopa hasara nikawauzia wapagazi hivyo hivyo, wakainywa mpaka adhuhuri wakiisifu, kisha wakajitwika mizigo yao wakaenda zao bila kutukanana, nikaelewa kwamba ukali umepaa na mvuke na utamu umebaki.

Tangu hapo pombe ya Swedi naitengeneza hivi: nusu ya kimea cha mtama nakikaanga kwenye kigae mpaka kinukie na rangi ikolee, nachachusha usiku mmoja badala ya siku mbili, kisha naichemsha taratibu bila kufunika, ikipoa natia tangawizi ya kupondwa na maji ya ndizi mbivu, na kata moja tu ya pombe mbichi ili itoe povu, na mwisho pilipili ndogo mbili zimchome koo aone imekolea. Ni tamu, Bi Aziza, ni tamu kuliko ile kali. Miezi minane ameinywa, amenenepa, macho meupe, na sokoni anajigamba kwamba anamaliza mtungi na bado amesimama.

Sasa mama akashuka kutoka Kizuka kwa ajili ya Idi, wiki moja, akakaa miezi mitano. Vitambaa vya Swedi anavipanga yeye, wateja anawajibu yeye, kola za Swedi anasema zimekatwa kwa shingo ya mbuzi. Na kwa desturi ya kwao mama mkwe hasemwi, hata kumtazama usoni ni ukosefu wa adabu, labda aseme mlevi, kwa maana maneno ya mlevi hayashikwi. Basi siku ya soko, mchana, Swedi akawaita majirani, akatia mrija mtungini, akanywa peke yake mpaka mrija ukakoroma chini, akasimama, akayumba, akashika nguzo, akasema mbele ya watu kumi na wawili:

"Mama, leo niko mulevi, musinisikilize. Ulimi yako iko kali kupita pombe ya mutoto wako. Kizuka iko nyumba yako, rudi kule, mawese tutakuletea."

Kisha akaketi, akatunga uzi kwenye sindano, akamalizia vifungo vya kanzu ya mtu, akalala.

Mama alifunga mizigo kesho yake, lakini hakwenda Kizuka moja kwa moja, alipitia kwa Mwalimu Asmani akasema kiapo kimeanguka, mkwe amelewa na mashahidi wapo, eda ikiisha atanipandisha mlimani kwa mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe wanne. Mwalimu ni mtu wa haki, akaamuru mimi nilale chumba cha jikoni na Swedi alale kwenye cherehani yake mpaka ajibu swali moja, ulilewa au hukulewa. Swedi hajibu. Leo siku ya kumi na tisa anashona tu, nami namsikia kupitia ukuta nalia.

Nikisema ile pombe haiwezi kulevya hata kuku, nitaipata ndoa yangu lakini mume atajua nimemfanya mtoto miezi minane, na wenzake watamcheka mpaka kufa, na wateja watanikimbia, kwa sababu, nakiri, wapagazi nao nawauzia hiyo hiyo na kuwaambia ni kali. Nikinyamaza, eda itaisha. Nampenda, Bi Aziza. Nifanye nini?

Sikuzani binti Amisi, Rumonge

*

Binti Amisi, barua yako imetembea mwezi mzima kutoka ziwani mpaka mezani kwangu, na gazeti hili litatembea mwezi mwingine kurudi. Ongeza na zile siku zako kumi na tisa. Ukibahatika, utakaposoma hapa umebakiwa na siku kama kumi za eda, kama ni eda. Mwanamke mzima unamwandikia mtu wa pwani usiyemjua, na anayejua jawabu mmetenganishwa na ukuta wa udongo! Hilo la kwanza, na nimekasirika.

La pili, pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu sikucheka tena. Mwanamume ndiye mnywaji, askari ndiye aliyeaibika, viboko vimepigwa na Mdachi, na aliyewekwa rehani ni wewe uliyekuwa ukichemsha maji ya kumkanda. Hasira ya hilo ni haki yako, na ungekuwa nayo tangu mwaka jana usingekuwa na kazi ya kukaanga kimea kwa siri.

Sasa fungua masikio. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba mlevi huyo aliketi akatunga uzi kwenye sindano. Alikosa mara ngapi? Hukusema, kwa kuwa hakukosa. Akilewa kweli, fundi wako anaziba miguu ya suruali za askari, na siku hiyo ya mtungi mzima alimaliza vifungo vya kanzu na mwenye kanzu hajalalamika mpaka leo. Binti, Swedi hakulewa. Na usinieleze kwamba alidhani amelewa. Mtu aliyekunywa pombe kali miaka yote hiyo humdanganyi kwa pilipili mbili. Alijua tangu mtungi wa kwanza. Alinyamaza kwa sababu aliona unahangaika ili usiachwe, naye hakutaka kukuacha, na pombe yenyewe ilikuwa tamu. Miezi minane kila mmoja amemfichia mwenzake siri ile ile. Wengi wameishi miaka arobaini hivyo na tukawapongeza.

Ila huyo fundi wako ana hila. Alitaka kumwondoa mama mkwe, akaazima ulevi ambao hakuwa nao, akasahau kwamba dhamana ya ulevi huo ni wewe. Ndiyo maana ananyamaza. Akisema alilewa, anakupoteza. Akisema hakulewa, basi alimtukana mama mkwe akiwa na akili zake, na itambidi apande Kizuka kwa miguu yake akaombe radhi mbele ya wazee wa mlima. Anashona anasubiri shida ijiondokee yenyewe. Shida haziondoki hivyo, na mama yako pia haondoki hivyo, kama ulivyoona.

Kuhusu talaka yenyewe, mimi si kadhi. Mwalimu Asmani atahukumu, tena nimempenda bila kumwona. Kazi yenu ni kumpelekea ukweli wote, si vipande.

Leo hii, kabla ya adhuhuri, gonga ukuta. Usimuulize kama alilewa, hilo ameshindwa kulijibu. Muulize alijua lini. Umwambie na yako: kuchemsha, tangawizi, pilipili, yote. Ukimwona anataka kucheka, mwache acheke, na wewe ucheke, kisha mshike mkono mwende kwa Mwalimu na mtungi wa pombe hiyo. Mwalimu hataionja, Mungu amhifadhi, lakini waiteni wazee wa Kizuka washuke, wanaojua pombe kuliko wewe na mimi. Wainywe yote mbele ya watu kisha watembee, mashahidi kumi na wawili watazame.

Wapagazi waambie kesho asubuhi kwamba unapika pombe ya kufanyia kazi, na anayetaka ya kugombana aende kwingine. Watakuja. Mwenye mzigo begani na safari ya siku nne anataka kinywaji kitamu na miguu iliyonyooka. Pilipili iwe moja. Mbili ni nyingi, na usiniulize nimejuaje.

Radhi ya mama yako isiendewe na pombe hiyo ya kuchemsha. Mlimani hawatasamehe kwa uji. Pika ile kali, ya siku mbili, mtungi mkubwa, Swedi aubebe mwenyewe mpaka Kizuka na asiuguse kwa midomo. Mama atanuna, atakunywa, atasamehe, na akae huko huko. Mchukulieni mawese kama alivyoahidiwa. Na Swedi akishuka, mwambie mbele ya Mwalimu kwamba kuanzia leo akitaka kuapa aape kwa cherehani yake.

Haya yote yanamtaka yeye afungue kinywa, huwezi kumfungulia. Mpe siku tatu. Akisimama mbele ya watu wale wale akasema sikulewa, nilimtukana mama wa mke wangu kwa akili zangu, naona haya, basi una mume, umshike. Akiinamia mshono wake mpaka eda iishe kwa kuogopa aibu ya mchana mmoja, basi hapo umeachwa kweli, dada yangu, na aliyekuacha hakuwa mlevi.

Bi Aziza