Baiti Mbili za Mkiani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekabidhiwa kazi ya kuibadilisha dunia: kulinganisha anwani mbili za mtandao na kusema kama ni moja au ni tofauti. Basi. Chuo kikuu chote kile kwa ajili ya hilo.

Kila kifaa kina anwani ya baiti sita, yaani vipande sita vya namba, inayopachikwa kiwandani kama alama ya kuzaliwa. Ruta yetu mpya, kisanduku cha kugawa intaneti, inauliza swali lile lile kwa kila kinachopita: wewe ndiye, au siye? Msimbo wa zamani unakagua baiti moja moja, kama askari wa getini anayesoma kitambulisho kwa kidole. Bosi anataka kasi. Tunamwita Bwana Kasi. Hajui — au anajua na anapenda.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Usikague moja moja. Zimeze zote kwa funda moja, toa hii kwenye ile. Kikibaki chochote, si mwenyewe. Kisipobaki kitu, ndiye. Nimepima kwenye kompyuta yangu: kasi mara tatu! Jirani yangu wa meza, mtu asiyesifu hata maiti ikifufuka, kasema, "Si mbaya." Nusura nimkumbatie.

Bwana Kasi kachora grafu kabla sijamaliza kueleza. Jina langu halimo. Lake limo, kwa wino wa bluu.

Kila mmoja wetu kapewa ruta akaijaribu nyumbani. Zawadi, kasema. Zawadi ya kurudishwa.

Alhamisi, 6 Machi
Ruta imefungwa sebuleni, inamulika taa kama ina maana. Binti yetu ana mtihani wiki ijayo. Tableti yake haina habari. Basi nimeiandika anwani yake kwenye orodha ya waliozuiwa — ikifika jioni, hakuna intaneti. "Mama, unanionea!" Ndiyo. Ndiyo kazi ya mama.

Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwaka jana, kaguna tu. Guno la mama mkwe ni hotuba nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Vita!

Mama mkwe ana tableti yake. Kila jioni, saa pekee hospitali inaporuhusu simu, huitumia kuonana na dada yake, aliyelazwa huko mbali. Jumatatu anapasuliwa moyo. Sasa juzi jioni imekata. Jana jioni imekata. Leo pia. Mchana inashika vizuri, tena inakata saa zile zile za mjukuu.

Kaniita chumbani. Kanikalisha. "Mwanangu, kama nimekukosea, niambie kwa mdomo. Usinifungie kama mtoto."

Nimeapa kwa kila kinachoapiwa. Nimemwonyesha orodha: anwani moja tu, ya binti. Kaitazama, kanitazama. "Mimi hayo sikuyasoma. Lakini macho ninayo."

Nimempa simu yangu ampigie dada yake. Kakataa. Hataki hisani ya mtu aliyemfungia mlango.

Na mume wangu, nguzo ya nyumba? Kaenda kuosha gari. Gari lilikuwa safi.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nimezigeuza tableti zote mbili nikasoma anwani zilizoandikwa mgongoni. Zilinunuliwa siku moja, duka moja. Zimefuatana kama mapacha: baiti nne za mwanzo ni zile zile, tofauti iko kwenye mbili za mwisho. Nikafungua msimbo wangu.

Kwenye kompyuta yangu, chombo cha kupokelea jibu kinabeba baiti nane. Ndani ya ruta ni nusu yake, nne tu. Mimi, bingwa, nimemimina ndoo kwenye kikombe. Tofauti ya baiti mbili za mkiani imemwagika, na kinachomwagika hakihesabiwi. Kwa ruta yangu yenye kasi ya ajabu, bibi na mjukuu ni mtu mmoja. Kazini tulijaribu kwa vifaa vya viwanda tofauti, kwa hiyo hakuna aliyeona. Mara tatu ya kasi — ya kukosea!

Nimeenda chumbani kwake. "Mama, ni kweli nilikufungia. Ila sikujua."

"Jana uliapa."

"Niliapa kwa ujinga."

Nilingoja anipasue kwa maneno. Badala yake kasema taratibu, "Dada yangu anadhani nimemsusa." Hapo nikatamani angenipasua.

Nimeing'oa ruta, nimerudisha ile kuukuu. Jioni tumepiga pamoja, bega kwa bega. Akapokea muuguzi: mgonjwa kapewa dawa ya usingizi, tupige kesho baada ya upasuaji. Mama mkwe kamshukuru kwa adabu zote. Kisha kaifunika tableti kwa kitambaa na kunigeuzia mgongo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefika kazini wa kwanza. Marekebisho ni mstari mmoja tu. Kasi imeshuka kidogo: mara mbili na nusu. Nimempelekea Bwana Kasi.

"Grafu inasema tatu," kasema.

"Grafu inasema uongo."

"Nani hununua vifaa viwili vinavyofuatana?"

"Hospitali. Mteja wetu wa kwanza! Mashine zao za vitandani zimetoka kiwanda kimoja, kwa mkupuo. Taarifa za kitanda hiki zitakwenda kitanda kile."

Kanyoosha tai. "Wakilalamika, tutarekebisha." Akainua simu akamwambia mteja mzigo uko njiani. Jirani yangu wa meza ghafla ana kazi nyingi sana kwenye kioo cha kompyuta yake.

Nimeshuka stoo. Lori limeshapakiwa ruta za hospitali, imebaki katoni moja mlangoni. Nimeikalia. Naandika hapa hapa.

"Dada, hiyo inaondoka," kasema mtunza stoo.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimekaa."

Ujumbe umeingia, wa mama mkwe. Neno moja: *Wamemwingiza.* Yaani dada yake, chumba cha upasuaji. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena: *Niko nawe, Mama.* Nimetuma. Hajajibu.

Viatu vya Bwana Kasi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza hana haraka.

"Inuka," kasema, mbele ya watu wote.

Sijainuka. Dereva katoa kichwa dirishani. "Bosi, nizime au niondoke?"

"Ondoka!"

"Zima," nimesema mimi. Sauti imetoka ndogo. Nimerudia: "Zima. Zinakwenda kwa wagonjwa, na ni mbovu. Mimi ndiye niliyeziharibu."

Dereva kamtazama yeye. Kanitazama mimi. Mkono uko kwenye ufunguo, na injini bado inanguruma —